Bibi, Huku Nyungu Inalipiwa Euro

Stuttgart, mwezi wa kwanza

Kwa mke wangu wa kwanza, Bibi,
Ushongo, Pangani.

Dhumuni la barua hii ni kukujibu lile swali uliloniuliza kwenye simu mbele ya ukoo mzima: "Huko kwenye baridi, mume wangu, unaoga kweli?" Shangazi zangu walicheka mpaka simu ikakatika. Jibu ninalo, tena refu, ila siwezi kumwandikia mama wala baba. Wewe ndiye mtani wangu, na mambo mengine hupita mlango wa utani tu.

Mwanaidi, wewe msomaji, soma polepole Bibi apate kusikia. Popote nilipoandika "punguza sauti", punguza kweli, hasa kama mpinzani wangu Babu yuko barazani.

Bibi, huku wakati wa baridi jua linaaga mapema hata laasiri haijatulia. Watu wamejifunika hadi puani, kila mmoja na njia yake, salamu hakuna. Wodini ninapojifunza uuguzi tunaitana kwa majina ya ukoo, na daktari bingwa akipita hata kikohozi kinasubiri. Basi wenzangu wa zamu waliponiona nimeanza kunyong'onyea, wakasema dawa yangu ni moja: twende kwenye maji ya moto.

Kumbe mji wenyewe umekaa juu ya maji ya madini. Wenyeji wanajisifu kwamba Ulaya nzima ni Budapest tu iliyowazidi. Na si mbali na hapa kuna mji wa Baden-Baden, ambako maji yanatoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 68, Warumi wakayajengea mabafu karibu miaka elfu mbili iliyopita. Huko kuna nyumba ya kuogea iitwayo Friedrichsbad, iliyofunguliwa mwaka 1877. Mtu hupitishwa vituo 17, kuanzia hewa ya moto hadi maji ya baridi, na katikati ya safari husuguliwa kwa sabuni na brashi kama mtoto aliyetoka kucheza matopeni. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza mji huo, pamoja na miji mingine kumi ya Ulaya, katika urithi wa dunia. Sababu ni kuoga, Bibi. Kuoga tu.

Tena kuna wakati daktari humwandikia mtu mapumziko ya maji na bima ikalipa. Sheria ya bima ya ugonjwa aliileta Kansela Bismarck mwaka 1883. Miaka miwili baadaye, utawala wa Bismarck huyohuyo ukampa Karl Peters hati ya kujitwalia nchi zetu. Watu wake aliwakatia bima, sisi akatukatia hati.

Turudi kwenye kuoga. Mlangoni unavalishwa bangili ya mpira. Hiyo ndiyo ufunguo wa kabati, na hiyo ndiyo pochi: ukinywa chai inaandika, ukila viazi inaandika, ukipitisha saa ulizolipia inaandika. Ndani unatembea tajiri, huhesabu shilingi. Wakati wa kutoka bangili inawekwa juu ya mashine, nayo inasema yote bila kuficha hata kikombe kimoja.

Sehemu ya kwanza haina neno. Ni mabwawa, watu wana nguo za kuogelea, watoto wamo, bibi na babu wa watu wamo. Bwawa moja liko nje kabisa, uwanjani. Nilikaa humo maji ya uvuguvugu yamenifika kidevuni, na theluji inaniangukia utosini. Tangu nifike nchi hii, siku hiyo ndipo mwili wangu ulipokumbuka bahari ya Ushongo wakati wa kaskazi. Nilitaka kubaki humo mpaka bangili ilie.

Lakini wenzangu wakasema, haya ni ya watoto. Twende kwenye sauna.

Mwanaidi, punguza sauti.

Kwenye mlango wa sauna kuna kibao: kuanzia hapa, nguo za kuogelea haziruhusiwi. Ndani wamo wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana, wote pamoja, na karibu wote walivyozaliwa. Siku ya wanawake peke yao ipo, ila haikuwa siku hiyo. Hao hawakuwa wanajificha, wala hawakuwa wanajionyesha. Walikuwa wanapita tu, taulo begani, kandambili miguuni, wanatafuta chumba chenye joto wanalolitaka.

Hapo ndipo aliponijia muuguzi mkuu wa wodi yetu. Ni mama wa makamo, wodini hatumwiti ila kwa jina la ukoo na heshima mbele. Akasimama mbele yangu, hana hata uzi, akaanza kunieleza kwamba zamu yangu ya Jumamosi imebadilishwa. Bibi, nilimtazama usoni. Maishani mwangu sijamtazama mtu usoni kwa bidii namna ile. Hata leo ukitaka nikuchoree nyusi zake, nitakuchorea, wa kulia na wa kushoto. Kuhusu Jumamosi, ilibidi nimwulize tena siku ya pili, wodini, amevaa.

Unataka kujua mimi nilikuwa katika hali gani. Nilikuwa na kikoi, kilekile cha buluu ulichonitilia kwenye begi. Mhudumu alikitazama, akauliza kama ni pamba. Ni pamba. Basi, ruksa. Kumbe sheria yao haimlazimishi mtu kuonekana. Wanachokataa ni zile nguo za kuogelea za nailoni, na wanachodai ni kwamba kila ulipokaa pawe na kitambaa chini yako, hata nyayo, jasho lisiguse mbao. Ukijifunga taulo hakuna atakayekuuliza. Shida yao ni kwamba taulo haliwakai: wachache waliotaka kujisitiri walikuwa wanatembea mkono mmoja umeshika taulo nyonga, wa pili umeshika chupa ya maji, mkono wa kufungulia mlango hawana. Mimi nilikifunga kikoi nikakikunja ncha kwa mkunjo wa wavuvi, nikapanda, nikashuka, hakikutikisika. Mzee mmoja alinifuata hadi kwenye bomba la maji, akaniomba nimfundishe ule mkunjo. Nikamfundisha. Mkewe akaja. Nikafungua darasa.

Mwanaidi, sasa paza sauti, sehemu hii hata Babu aisikie.

Chumba chenyewe ni cha mbao, kina madaraja matatu, na kila ukipanda daraja joto linazidi. Kipimajoto ukutani kinasema nyuzi 90. Kila baada ya muda kuna ibada yao, na saa imebandikwa mlangoni. Dakika ikifika, mlango unafungwa, aliyechelewa amechelewa. Anaingia mhudumu na ndoo na kata ya mbao. Anasalimia, anataja majani ya leo: mnanaa na mkaratusi. Anaeleza kwamba atamwaga mara tatu, na asiyeweza atoke, si aibu. Kisha anamwaga maji juu ya mawe ya moto. Mvuke unapanda, unagonga dari, unakushukia masikioni. Hapo anachukua taulo, analizungusha juu ya kichwa chake, halafu anawapiga nalo hewa ya moto usoni, mmoja baada ya mwingine. Watu wanaguna. Watu wanainama. Raundi ya tatu nilisikia mtu mzima mwenye ndevu akivuta pumzi za mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Na mwisho, Bibi, wanampigia makofi. Aliyewachoma wanampigia makofi!

Mimi nikajisemea: hii si nyungu? Mkaratusi ni ule ule, jasho ni lile lile, hata kuguna ni kule kule. Hukumbuki mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, nchi nzima ilivyoingia chini ya blanketi, hata Hospitali ya Muhimbili ikaweka vibanda vya kujifukizia? Na wewe ulikuwa umetutangulia kitambo: chungu kinachemka, mkaratusi, mchaichai, mwarobaini, blanketi zito la kijivu, na wewe umekaa juu ya ncha yake nisitoroke. Tofauti ni mbili tu. Kwanza, wewe hukunilipisha. Pili, nilipolia kutaka kutoka, hapakuwa na makofi. Palikuwa na kofi.

Ukitoka motoni unaingia baridi. Kuna pipa la maji ya barafu, unazama hadi shingoni, unatoka hujui jina lako. Kwa hilo wana mtu wao wanayemheshimu sana, Padri Sebastian Kneipp, wa karne ya 19. Alipokuwa kijana akiumwa kifua alikuwa akijitumbukiza katika mto Danube wakati wa baridi, akapona, na tangu hapo akawatibu watu kwa maji baridi mpaka jina lake likawa dawa. Hadi leo wanatembea kwenye vijibwawa vya maji ya baridi, wananyanyua miguu juu, uso umekunjamana, wanasema ni raha.

Usidhani pwani yetu ilikuwa gizani katika mambo haya. Sultani Said alijenga mabafu ya Kidichi, Unguja, kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi mwaka 1850. Mwanawe Barghash akawajengea watu wa mji hamamu, na mtaa wa Hamamni hadi leo una jina hilo. Na dada yake Barghash, Bibi Salme, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 akaolewa na Mjerumani, aliyaeleza mabafu ya jumba la Mtoni alikozaliwa katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Yeye ndiye mkongwe wetu wa kuandika barua kutoka huku. Na sisi wa Tanga tunayo maji ya moto ya Amboni, yale ya kiberiti yenye harufu ya yai bovu, ambayo watu huyaendea kwa upele na viungo. Nilipowasimulia wenzangu, wakauliza kiingilio ni kiasi gani.

Wakati wa kutoka nilipita kwenye kiduka chao. Kati ya mafuta na mishumaa kulikuwa na glavu za kusugulia mwili, ngumu, rangi ya mchanga. Hazikuandikwa zilikotoka, lakini mtoto wa Tanga haulizwi mkonge. Daktari Richard Hindorf aliuleta kwetu mwaka 1893, na katika miche aliyoiagiza ni 62 tu iliyofika hai. Watu wetu wakaukata mpaka viganja vikachubuka bure. Leo Mjerumani ananunua glavu ya mkonge ili achubuke kwa hiari, tena kwa euro.

Nimelifikiria sana jambo hili, maana najua utaniuliza: watu hawa hawana haya? Wale waliokuja kupandisha bendera Pangani mwaka 1888 walifunga vifungo hadi kooni katika jua letu. Sasa vitukuu vyao wamekaa uchi katika nyuzi 90, tena wamelipa. Lakini siku nzima niliwachunguza. Niliona kijana akiona haya mpaka akawa mwekundu kwa sababu tone la jasho lake limeanguka kwenye mbao. Niliona mama aliyefungua mlango katikati ya ile ibada akaangaliwa na kundi zima, akarudi nyuma mwenyewe. Niliona watu wawili walionong'ona kwenye chumba cha kupumzikia wakanyamazishwa kwa jicho. Na katika watu wote wale walio uchi, sikuona hata mmoja aliyemkodolea mwenzake macho. Haya wanayo, Bibi, tena nyingi. Sisi ya kwetu tumeifunga kwenye khanga; wao ya kwao wameiandika ukutani. Na daktari bingwa, yule anayesubiriwa na kikohozi, mle ndani alikuwa mzee mwenye kitambi tu, akaniuliza habari za nyumbani.

Kisichozuilika hata kwa maandishi ni vitanda vya kupumzikia. Kibao kinakataza kuwekeana nafasi. Vitanda vyote vina taulo, watu hakuna. Watu ambao hawawezi kuvuka barabara taa ikiwa nyekundu hata usiku wa manane, kwenye kitanda wanakuwa wanyang'anyi.

Sasa lililo muhimu kuliko yote. Nimewasifia wenzangu bahari yetu, wakakata tiketi. Watafika Ushongo mwezi wa saba, muuguzi mkuu akiwemo. Wameniuliza bahari inafungwa saa ngapi. Nikawaambia inakupwa na kujaa, ratiba yake haina ofisi. Wameniuliza kama taulo ni lazima. Na wameniuliza kwa adabu kabisa kama ufukweni nguo ni lazima.

Bibi, mwambie Mjomba asiende kugombana nao, na maalimu asipandwe na presha. Dawa ni ndogo. Chukueni ubao wa ngalawa mbovu, muupigilie kwenye mnazi wa kwanza karibu na njia ya ufukweni. Maneno ya Kijerumani namtumia Mwanaidi: "Kuanzia mnazi huu, nguo au kikoi." Herufi ziwe kubwa, mstari upigwe chini, na chini ya mstari muandike namba ya kifungu. Kifungu chochote. Hawatauliza cha sheria gani. Watasimama, watasoma hadi mwisho, watatii. Ila hatua tatu kabla ya ubao, Mwanaidi atandike meza ya vikoi.

Nisalimie wote, Babu mwambie nakuja na glavu ya kumsugua mgongo.

Wasalaam,
Mumeo mdogo