Barua ya Wazi kwa Disney: Ombi la Kuchorwa

Kwa Wakubwa wa Disney,
Burbank, California.

KUH: OMBI LA WAKAZI WA OZI KUFANYWA KATUNI

Ama baada ya salamu, sisi huku Ozi, kijijini kwetu karibu na mdomo wa Mto Tana, ni wazima, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na macho yetu. Mvua imetupita, bahari haijatupita, na watoto wanaenda shule. Tuje kwenye lililotushikisha kalamu.

Kwanza, pongezi. Tumeziona juhudi zenu za kuzichukua katuni za zamani na kuzigeuza filamu za watu halisi. Mwaka 2015 mlimtoa Cinderella, 2016 mkamtoa Mowgli, na 2019 peke yake mkawatoa Dumbo, Aladdin na Simba. Nguva wenu alitoka majini 2023, na 2025 zikawa zamu za Snow White na Lilo. Hatuna kinyongo. Mtu ana haki ya kupasha moto kiporo chake mara nyingi apendavyo, mradi wageni bado wanalipia sahani.

Ila huyu Simba tunaomba tumzungumzie kidogo, kwa kuwa ana jina letu.

Kabla ya katuni ya 1994 wachoraji wenu walikuja hapa Kenya, wakatembea Hell's Gate kule Naivasha, wakaitazama miamba, wakachora, wakaenda zao. Pamoja na miamba waliondoka na Simba, Rafiki, Pumbaa na maneno mawili ya Kiswahili ambayo tutayarudia hapo chini tukipata nguvu. Mlipotangaza kwamba sasa anakuja Simba wa kweli, tulikaa mkao wa kula. Tulidhani safari hii mtahitaji nchi. Baada ya filamu kutoka, mkurugenzi wenu Jon Favreau mwenyewe akatufumbulia fumbo: vipande 1,490 vilitengenezwa na wachoraji na kompyuta, na kimoja tu ndicho kilichopigwa kwa kamera barani Afrika, kile cha kwanza kabisa, jua linachomoza.

Jua! Katika Afrika nzima, aliyepata kazi ni jua. Na filamu ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.6.

Tusiwe wezi wa fadhila. Watu wetu pia mnawakumbuka. Binti yetu Lupita Nyong'o mlimpa sauti ya mama mbwa mwitu wa India katika The Jungle Book. Na katika hiyohiyo ya Simba, Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, mlimpa fisi, na fisi mwenyewe mkamwita Shenzi. Mlikusudia au ilitokea tu? Tunauliza kwa heshima.

Watoto wa hapa waliitazama hiyo ya Simba kwenye simu ya mvuvi mmoja, vichwa vimebanana juu ya kioo kilichopasuka pembeni. Mmoja akauliza mbona huyu simba hana uso. Baba yake amekufa, uso ni huohuo. Anakula funza na marafiki, uso ni huohuo. Mtoto huyo amekua akivuka mto wenye viboko na mamba. Kusoma uso wa mnyama hakufundishwa na filamu, na angekosea asingekuwepo kuuliza.

Basi tuliketi, tukazichunguza kazi zenu moja baada ya nyingine, tukaipata kanuni. Kwenu kitu hakiwi halisi mpaka kwanza kiwe katuni. Mtazameni Aladdin. Anakaa Agrabah, mji usiokuwepo katika ramani yoyote ya dunia. Mliuchora 1992. Ulipofika wakati wa kuufanya halisi, mliujenga huko Longcross, Uingereza, mitaa yake na soko lake, na jangwa mkalifuata Jordan. Mji usiokuwepo umejengwa. Ozi ipo, ina watu, ina msikiti, ina makaburi ya mababu, na mashamba yake yanaliwa na chumvi kila mwezi mwandamo, na hakuna aliyeleta hata msumari. Kosa letu sasa tunalifahamu: tulizaliwa halisi moja kwa moja, hatukupitia kwenye penseli.

Kwa hiyo tunaomba tuchorwe.

Macho mtufanyie makubwa, kama desturi yenu. Mto Tana mpeni sauti ya mzee. Anashuka kutoka Mlima Kenya na Aberdare akiwa na nguvu zake zote, anaimba, kisha anakutana na mabwawa: Kindaruma tangu 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga tangu 1981, Kiambere tangu 1988. Kila bwawa linamwambia keti kwanza, mzee, uwashe taa za Nairobi. Anaketi. Anawasha. Akishafika kwetu, mwendo wa kilomita kama elfu moja, hana pumzi ya kusukuma hata jani la mgomba, na sisi wenyewe tunakaa gizani.

Hapo aingie adui, Maji ya Chumvi. Huyu mpeni wimbo mzuri, kwani maadui wenu ndio huwa na nyimbo nzuri. Na historia yake iwe ya kusikitisha kidogo, maana zamani hakuwa adui. Bahari ilipojaa iliusukuma mto urudi nyuma, maji matamu yakapanda, yakaingia kwenye mifereji, yakanywesha mpunga, kisha yakashuka na maji kupwa. Wazee wetu walilima kwa kufuata mwezi, bila pampu, bila lita moja ya dizeli. Bahari bado inasukuma vilevile kwa uaminifu wake. Kinachopanda ndicho kilichobadilika.

Tukio moja tunawaomba mlichore polepole, wala halihitaji maneno. Ni alfajiri, maji yanapanda. Mama amesimama mdomoni mwa mfereji wa shamba lake, jembe begani. Anainama, anachovya kidole, anaonja. Anatema. Anashusha jembe na kuanza kuziba mfereji kwa matope, haraka haraka, kuyazuia maji ambayo mama yake na bibi yake walikuwa wakiyafungulia. Nyuma yake kuna mwembe ambao majani yake yameungua kuanzia kingo kama karatasi iliyopitishwa kwenye kibatari, na maembe yameanguka yakiwa magumu, ukubwa wa yai. Katikati ya majaruba mikoko imeanza kuchipua. Mikoko mnaweza kuichezesha: isimame safu safu kama askari na kuitikia kibwagizo. Hatutalalamika, mikoko tunaipenda, tunaipanda na kuilinda wenyewe kule inakostahili. Tulichokuwa tumepanda hapo ni mpunga.

Katuni ikishatoka tutaanza kusubiri iwe halisi. Tumepiga hesabu. Simba alingoja miaka 25, Aladdin 27, nguva 34, Lilo akawahi kwa 23. Sisi tuwekeeni tu miaka ya nguva, kwa sababu na sisi ni watu wa maji. Mwaka mtakapokuja na kamera halisi, mtagundua hamwezi kupiga filamu ya kijiji cha mpunga mahali ambapo mpunga umekufa. Itabidi mlete maji matamu. Itabidi mpande mpunga, mashamba mazima, kijani cha kuumiza macho. Itabidi mrudishe miembe, migomba na minazi. Maembe mkitaka kuyatengeneza kwa kompyuta si neno, bora yawe ngowe na yalike. Mtajenga kingo, mtazibua mto, mtaweka gati ili waigizaji wasishuke kwenye tope. Sisi tutacheza kama sisi wenyewe, bila malipo ya ziada. Na siku mkimaliza, mkifunga mizigo, ombi letu ni moja tu: sahauni kubomoa.

Mhusika mkuu msijisumbue kumtafuta, tunaye. Fumo Liongo, pande la mtu, mpiga mishale na mshairi, ambaye kaburi lake husemwa liko huku kwetu. Hadithi yake ilichapishwa London 1870 katika kitabu cha Edward Steere, na utendi wake uliandikwa Lamu na Muhammad Kijuma mwaka 1913, kwa hiyo hamwezi kusema hamkupata muda wa kuisoma. Anafungwa gerezani. Kila chakula kizuri anacholetewa, walinzi wanakila wao. Mama yake anaoka mkate wa wishwa, tupa zimefichwa ndani, na walinzi wanaudharau unapita. Watu wanacheza gungu nje, matoazi na ngoma zinarindima, na katikati ya kelele hizo yeye anakata pingu. Wimbo wa kati wa filamu huo hapo, tayari umepangwa. Mwishoni anauawa na mwanawe mwenyewe, kwa sindano ya shaba kitovuni, kwa ahadi ya kuozwa binti mfalme. Tunajua kwenu mtoto humlipia baba kisasi na kukaa juu ya mwamba. Tafadhali msirekebishe. Liongo anakwenda kufa kisimani, amepiga goti, mshale kwenye upinde, na mji mzima unakosa maji siku kadhaa kwa kuogopa maiti. Sisi tumekosa maji kwa muda mrefu zaidi, na kisimani hakuna hata mtu wa kutuelekezea mshale.

Mengine ni madogo. Fisi mbadilishieni jina. Pumbaa, yule ngiri, afike mbele ya kamati ya fidia, maana Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeweka shilingi milioni 5 kwa anayeuawa na mnyama, na jamaa zake Pumbaa wana madeni ya mazao kuliko wanavyoonekana wakiimba. Rafiki aache kukwea miembe iliyobaki. Timon hatuna neno naye.

Na Mufasa, baba yake Simba. Desemba 2024 mlimtolea filamu yake mwenyewe, ya kompyuta tena, na ndani yake mafuriko yanamsomba akiwa mdogo yanamtenga na wazazi wake. Tumesikia ukumbini watu walilia. Mwaka huohuo, Aprili na Mei, Tana ulifurika kweli; kuanzia Garissa hadi huku Garsen watu walikimbia na watoto mgongoni wakalala juu ya vichuguu na kando ya barabara. Maana ndivyo tunavyoletewa mzee Tana: mabwawa yakishiba yanamwachia mzima kwa mpigo, yakiwa na njaa hatuoni tone. Hakuna aliyelia ukumbini kwa ajili yetu. Tulikuwa halisi mno.

Na yale maneno mawili. Them Mushrooms, vijana wa pwani hii, waliyaimba 1982, hoteli zote zikayapokea. Nyinyi mlipeleka maombi ya kuyasajili 1994, mkayapata 2003, kwa ajili ya fulana. Mwaka 2018 watu zaidi ya laki moja wakatia saini kupinga, mkajibu kwamba hamjamzuia mtu yeyote kuyatamka. Asanteni. Tunashukuru kwa ruhusa ya kuzungumza. Tangu hapo mgeni akishuka kwenye boti anatutamkia sisi, tena kwa wimbo, halafu anasubiri tucheke. Mama yuko ndani ya jaruba lililokufa, maji ya chumvi magotini, na mtu aliyevaa fulana yenu anamwelekezea kamera na kumwambia hakuna matata. Yapo! Matata yapo tele, yanapanda mara mbili kwa siku na maji yakijaa, yamemaliza mpunga, yamemaliza miembe, yamewaondoa vijana wakatafute kibarua Malindi na Mombasa, na nyinyi mmeyasajili kwamba hayapo!

Tuwieni radhi. Tulipandwa kidogo. Tuendelee.

Kuhusu malipo, tunapenda yatangulie. Tumejifunza kwa ndugu zetu wa Afrika Kusini: Solomon Linda aliurekodi wimbo wake wa Mbube mwaka 1939, dunia nzima ikauimba, katuni yenu nayo ikauimba, na wanawe wakafika mahakamani 2004 kuutafutia haki, kesi ikaisha kwa mapatano 2006. Baba yao alikuwa amefariki tangu 1962. Sisi tungependa kupokea tukiwa bado tunaweza kuhesabu.

Njia ya kuja ni rahisi. Mkifika Garsen shikeni barabara ya Lamu hadi Witu, hapo mkate kulia mwende Kipini, halafu boti. Mwambieni nahodha asipite karibu na ukingo, viboko wa huku hawajasoma maandishi ya filamu. Penseli njooni nazo, kompyuta mkitaka, umeme mtajitegemea. Maji ya kunywa pia njooni na yenu, na kama haitawatatiza, zidisheni kidogo.

Ni sisi watiifu wenu,

Wakazi wa Ozi,
ambao bado hatujachorwa.

Nakala kwa: Jua, ambalo lilifanya nanyi kazi, kwa taarifa.