Daftari la Biriani

Dada yangu mkubwa, ambaye katika umri wake wote hajapata kuipima chumvi ila kwa ncha za vidole, wala hajapata kumtajia kiumbe yeyote thamani ya chakula alichompa, aliazimia kufungua darasa la mapishi nyumbani kwake Ng'ambo ya Unguja, likutane mara moja kila mwezi, na wanafunzi wake wawe mabinti wanaotarajia kuolewa, wake walioolewa kabla ya kujifunza, na mtu mwingine yeyote mwenye adabu na ada. Adabu ilikuwa juu yake yeye kuitambua; ada, kwa sababu nilitumikia ukarani wa forodha mpaka nikastaafu, iliwekwa juu yangu. Jamaa wote waliona kwamba kupanga bei ya sahani ya biriani ni kazi ya alasiri moja na vikombe viwili vya kahawa, na kwamba mtu aliyepata kutoza ushuru wa shehena za majahazi hawezi kushindwa na sufuria.

Nilianza na viungo, nikagongana na itikadi. Mtaani petu watu huamini kwamba katika kisiwa kilichopata sifa duniani kwa karafuu, viungo havina bei, kama mchanga wa pwani usivyokuwa na bei. Karafuu zenyewe aghalabu hutoka Pemba, na mnunuzi wake ni shirika la serikali. Uzile na mchele wa basmati huvuka bahari kutoka Bara Hindi. Na zafarani, ambayo ua lake moja hutoa nyuzi tatu tu, nazo huchumwa kwa mkono, hata kilo moja ikadai maua zaidi ya 100,000, kwa sehemu kubwa hutoka Irani. Haya yote nilimweleza kwa utaratibu mama mmoja aliyekuja kuulizia darasa. Alinisikiliza kwa staha kubwa mpaka mwisho, kisha akasema kwamba yeye hakuja kununua Irani, amekuja kujifunza biriani.

Vipimo vilikuwa mtihani mwingine. Nilimwuliza dada yangu samli hutiwa kiasi gani, akanijibu, "Kiasi chake." Tangawizi je? "Isizidi." Na iliki? "Mpaka uisikie." Mchele aliujua kwa kibaba, na alijua kwamba vibaba vinne ni pishi moja, lakini kibaba chake chenyewe kilikuwa kopo la maziwa ya unga lililobonyea ubavuni tangu mtoto wake wa kwanza, ambaye sasa ana wajukuu, alipolikalia. Nikaazima mizani, nikasimama kando ya seredani, na kila alipotia mkono katika kopo la bizari niliudaka kwa taadhima kabla haujafika sufuriani, nikauomba umimine mzigo wake juu ya mizani kwanza. Alivumilia mpaka zamu ya chumvi. "Ndugu yangu," akasema, "hapa ni jikoni au bandarini?" Mizani ikarudishwa kwa mwenyewe kabla ya magharibi, ikinuka thomu.

Hata hivyo hisabu ilipatikana. Kwa wanafunzi 12 tulihitaji mchele kilo 3 kwa shilingi 12,000. Nyama kilo 4 kwa shilingi 48,000. Vitunguu kilo 3 kwa 6,000. Samli ya 10,000 na mafuta ya 10,000. Viungo pamoja na zafarani kidogo kwa 12,000. Mtindi, tungule, viazi, thomu na tangawizi kwa 14,000. Na mkaa wa 5,000. Jumla ni shilingi 117,000, na ukiigawa kwa vichwa 12 kila kichwa hubeba 9,750. Nikaandika ada ya shilingi 10,000, ambayo ilimwachia mwalimu, baada ya kwenda sokoni Darajani, kuchambua, kukatakata, kukaanga, kufundisha na kusugua masufuria, ujira wa shilingi 3,000. Nilimpelekea daftari nikitazamia ghadhabu. Akaisoma ile jumla mara mbili, uso ukamwiva kwa haya, akaniuliza kwa sauti ya chini kama hatukuwadhulumu watu hizo 3,000.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo lote, wala si katika nyama na mchele. Mgeni kutoka Ulaya hulipa fedha, tena kwa furaha, ili aketishwe juu ya mbuzi akune nazi mpaka vidole vichubuke, na hakuna anayeona ajabu. Lakini jirani aliyepiga hodi, akakaribishwa, akavua viatu mlangoni, amekwisha kuwa mgeni wa nyumba, na kumwomba mgeni wa nyumba fedha za chakula ni tendo ambalo mama zetu hawakutufundisha hata jina lake. Wazee wa barazani, waliolihisi tatizo hili kabla yangu, walitoa rai kwamba fedha zisitajwe kabisa, bali kila mwanafunzi aje na kitu chake, na vitu vikikutana vitakuwa biriani. Rai ilikuwa ya hikima na ilipokelewa na wote. Siku ilipofika walikuja watu saba na vitunguu, watatu na chumvi, mmoja na nyama nusu kilo aliyoomba ipikwe mbali na ya wenzake, na yule aliyejitolea kwa kishindo kuleta zafarani alileta karatasi ndogo ya rangi ya chakula, ya manjano, akaapa kwamba rangi ni ile ile. Siku hiyo dada yangu alifundisha kachumbari.

Ada ikarudi, ikafuatwa na mzozo wa mwezi. Tulipotangaza darasa la kila mwezi hakuna aliyeuliza mwezi upi. Dada yangu huhesabu kwa mwandamo, akaweka darasa Jumamosi ya kwanza baada ya mwezi kuonekana. Wanafunzi wake wengi ni watumishi wa maofisini, na mishahara yao haiangalii mbinguni. Na kwa kuwa miezi kumi na miwili ya mwandamo hupungukiwa na siku kama 11 ikilinganishwa na mwaka wa ofisi, darasa lililoanza siku za mshahara, watu wakiwa wachangamfu na wakarimu, lilianza kurudi nyuma polepole mpaka likaangukia katikati ya mwambo, wakati ambapo mtu mwenye shilingi 10,000 mfukoni hazitoi hata kwa mganga. Wanafunzi walikuja vile vile. Walikuja na ahadi, nami nikalazimika kupiga mstari mpya katika daftari kwa ajili ya ahadi, na mstari huo ukawa mrefu kuliko yote.

Navyo vitunguu, laiti ningeweza kuvieleza vya kutosha! Kilo tatu za vitunguu, zikisha kukatwa na watu kumi na wawili wanaolia, huonekana zinatosha karamu ya harusi. Zitie katika mafuta ya moto, zigeuke rangi ya dhahabu, na zitakuwa sahani moja. Sasa sahani hiyo, iliyo kavu, yenye harufu njema, inayovunjika mdomoni, huwekwa kando kungojea nyama iliyolala katika mtindi na papai bichi ilainike, na kila anayepita kando yake, kwa nia safi ya kujifunza, huonja. Kuonja hakuwezi kukatazwa, kwa maana mpishi asiyeonja hajulikani anapika nini. Basi masala yalipokuwa tayari kupokea vitunguu, sahani ilikuwa na mafuta ya kung'aa na chembe chache za ushahidi.

Kisha wali ukatiwa zafarani iliyorowekwa katika marashi, ukafunikwa, ukapaliwa makaa juu ya kifuniko, na harufu ikatoka nje kuwaita watu ambao sikuwa nimewaandika. Sote tumefunzwa tangu utotoni kwamba apikaye mchuzi auongeze maji awakumbuke jirani zake, nami sina shaka na mafunzo hayo. Ila mchuzi huongezwa maji, na masala ya biriani ukiyaongeza maji umewanyima jirani biriani na umejinyima wewe mwenyewe. Sahani zikatoka kwenda kushoto, zikatoka kwenda kulia, kila moja chini ya kawa lake. Wakaja watoto wa wanafunzi kuwachukua mama zao, wakakaribishwa. Akaja kapera mmoja wa mtaa wa pili akidai kwamba anataka kujiandikisha kwa mwezi ujao, akaombwa aonje kwanza ili ajue anachojiandikishia, akaonja sahani mbili, hajaonekana tena. Na masinia 3 niliyoyakadiria, watu wanne kwa sinia, yalipokuwa yamekwisha kuwa 5, wanafunzi watatu walifungua mikoba yao kwa pamoja wakatoa hotipoti, wakasema ni kwa ajili ya waume zao, ili waume waione faida ya darasa.

Wakati wa kukusanya ada ulikuwa baada ya chakula, kwa amri ya mwalimu, aliyesema kwamba kudai kabla ya kulisha ni ukosefu wa jamala. Nilipita na daftari katika ukumbi wa watu walioshiba. Wengine walilipa kamili. Wengine walilipa nusu na kusifu kamili. Bibi mmoja mwenye umri na heshima zake alinishika mkono, akainua viganja, akamwombea dua ndefu dada yangu, na wazazi wetu marehemu, na mimi, na kazi ya mikono yetu, nasi sote tukaitikia amina. Alipomaliza alijifunga kanga yake akaenda zake, na mwalimu akanitazama kwa jicho la kunionya nisithubutu. Niliiandika dua ile upande wa mapato, nikaacha nafasi ya tarakimu wazi.

Kwa rai yangu, anayetaka kufungua darasa la namna hii asihesabu wanafunzi. Ahesabu midomo, na ujira wa mwalimu auandike mstari wa kwanza, kabla ya nyama, maana ukiandikwa wa mwisho huliwa. Kwa wanafunzi 12 ada ya shilingi 15,000 huleta 180,000. Ukitoa 117,000 za sokoni zinabaki 63,000, na kati ya hizo 30,000 ni za mwalimu, atake asitake. 20,000 ni za jirani, watoto na waonjaji, ambao hawatapungua kamwe na afadhali wawe na fungu lao halali. Na 13,000 ni za vyombo, kwani kawa moja kati ya yale yaliyotoka halijarudi. Dada yangu amekubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba yeye asiwepo ukumbini fedha zinapotajwa. Basi msomaji wangu, ukiwa na nia ya kuja, nafasi zipo: darasa lijalo ni la pweza wa nazi, litakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya mishahara, ada ni shilingi 15,000, hupokelewa mlangoni kabla ya viatu kuvuliwa, na hotipoti ziachwe nyumbani.