Chupa Haiombwi Viza

Kwa miaka mingi mvinyo wa Afrika Kusini uliingia Nairobi bila kuulizwa taarifa ya benki. Mfanyabiashara Mkenya aliyetaka kwenda Johannesburg kutafutia chai yake soko, huyo aliulizwa, na tiketi ya kurudi juu, isije ikawa anahamia. Halafu wakubwa wakakaa vikao kujiuliza kwa nini urari wa biashara umeelemea kusini! (Kwenye vikao vyao, bila shaka, walikwenda na pasipoti za kidiplomasia.) Novemba 2022 marais Ruto wa Kenya na Ramaphosa wa Afrika Kusini wakatangaza dawa: kuanzia Januari 2023 Mkenya aingie bila viza, siku 90 kwa mwaka. Tunashukuru. Sasa anayemjua mnunuzi anayelipa deni ndani ya siku 90, atuelekeze.