Barua ya Wazi kwa Baba Askofu: Tunauombea Mchana wa Jumamosi

Kwa Baba Askofu,
Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania,
Dayosisi ya Kaskazini, Moshi.



Kwa unyenyekevu mkubwa, na kwa heshima yote unayostahili wewe na kiti ulichokalia, naomba unipe dakika chache kati ya zile wanazokudai wachungaji, madaktari na walimu wa dayosisi. Mimi ni mzazi tu, msharika wa kawaida, na nisingethubutu kukuandikia hadharani kama jambo hili lingekuwa langu peke yangu. Wazazi wenzangu wanalisema kwa sauti ya chini wakitoka ibadani, nami nimeona ni adabu zaidi likufikie wewe uliye baba wa shule zetu kuliko liendelee kunong'onwa.

Ni kuhusu mchana wa Jumatano na wa Jumamosi katika shule za sekondari za Kanisa.

Naomba ruhusa nieleze saa hizo zina nini, kwa kuwa mgeni rasmi kwa kawaida huoneshwa maabara na maktaba. Wanakwaya wanagawana sauti nne chini ya mti, bila mwalimu. Viongozi wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, wanapanga nani atahubiri Jumapili, wanahesabu michango yao na kuandika kumbukumbu za kikao. Klabu ya Malihai wanamwagilia miche. Skauti wapo, wa mdahalo wapo, na wa mpira wa pete wanaota mashindano ya UMISSETA. Wengine wako bandani wanakata majani ya ng'ombe, wakijua kuwa wakichelewa maziwa yatapungua. Binti asiyefungua kinywa darasani utamkuta hapo akiwaamuru wenzake ishirini, nao wanamtii.

Baba Askofu, naomba unisamehe nikikawia kwenye tarumbeta. Wamisionari wa Kijerumani walizipandisha huku milimani, na leo usharika hauna haja ya mgeni kuzipuliza; zinatangulia arusi zetu na zinasindikiza maiti zetu. Lakini tarumbeta haisomwi kitabuni ikaeleweka. Wa kidato cha tatu humshika wa kidato cha kwanza, akamwonesha namna ya kubana midomo, akamvumilia wiki nzima anapotoa mlio wa kutisha. Kwaya ni hivyo hivyo, na hata kuendesha mdahalo. Karibu kila kinachofanyika mchana wa Jumamosi hutoka kwa mwanafunzi kwenda kwa mwanafunzi. Mwalimu mlezi husaidia, ila mnyororo wenyewe ni wa watoto.

Ndiyo maana unakatika upesi. Katika shule moja ninayoifahamu, ambayo kwa heshima siitaji, Jumamosi ilifanywa siku ya majaribio kwa kidato cha nne, na hakuna mzazi aliyelalamika, maana mtihani ni mtihani. Kisha kidato cha tatu nao wakaingizwa, wakafuata kidato cha pili kwa sababu ya upimaji wao. Tarumbeta zikapelekwa stoo. Ruhusa iliporudi, hakuwepo hata mmoja aliyejua kuzipuliza, kwani waliojua walikwisha kuhitimu.

Simlaumu mwalimu, wala mkuu wa shule. Sisi wazazi tunalipa ada kwa jasho, na tunachouliza siku ya kufungua shule ni divisheni. Hofu hiyo ni ya kweli, nami ninayo. Hata hivyo Baraza la Mitihani lenyewe liliacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora. Tena hapa hapa Moshi tulimwona Mama Maria Kamm, mkuu wa shule ya wasichana ya Weruweru kuanzia 1970 hadi 1992: wasichana wake walilima, walifuga na walisoma, na simjui mzazi aliyesita kumpeleka binti yake pale kwa kuogopa jembe. Mtaala mpya nao una mkondo wa amali. Itakuwa huzuni Serikali ikiwarudishia watoto kazi za mikono na sanaa wakati ule ule shule za Kanisa zinaziondoa.

Hili si geni kwa dayosisi yako, Baba Askofu, na nakukumbusha kama mtoto anavyomkumbusha mzazi jambo ambalo mzazi analijua zaidi. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyefika nchini mwaka 1902 na kutumika Old Moshi kwa miaka mingi, aliona jinsi Wachagga walivyoishi kwa ukoo, ujirani na rika, akaujenga usharika juu ya misingi hiyo. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha kirika, ili kila mmoja awajibike kwa mwenzake. Ninapotazama wanakwaya wa shule wakimsubiri aliyechelewa, naona kazi hiyo bado inaendelea. Madarasani tunawapanga watoto wetu wa kwanza hadi wa mwisho. Kwenye kwaya wa mwisho darasani anaweza kuwa ndiye anayeshika besi, na bila yeye wimbo hauendi.

Basi, kwa magoti yaliyopigwa, naomba waraka mmoja kutoka ofisini kwako: kwamba katika shule za dayosisi mchana wa Jumatano na wa Jumamosi usiguswe na jaribio lolote, isipokuwa kwa kidato cha nne na cha sita katika muhula wao wa mwisho. Naomba pia ripoti ya mtoto inayokuja nyumbani iwe na mstari unaosema alihudumu wapi na aliwafundisha akina nani. Na utakapotuheshimu kwa kuja kwenye mahafali, ukimuuliza mkuu wa shule habari za ufaulu, tafadhali muulize na nani anafundisha bendi mwakani.

Waraka huo ukitoka kabla shule hazijafunguliwa Januari, wanaoingia kidato cha nne watakuwa bado wanajua nyimbo na bado wanajua kupuliza. Watakuwa na muhula mmoja wa kuwakabidhi wadogo zao.

Nabaki mtoto wako katika Kristo,
Mzazi, Moshi.