Taratibu Tutafika Bahi

Bahi ina mchele, ina kambare, na ina miiba. Mchele na kambare utanunua. Miiba utapewa bure, tena itakufuata hadi kwenye gari. Ukipita barabara kuu ya kutoka Dodoma mjini kwenda Manyoni na Singida huwezi kulijua hilo, maana lami haioti migunga. Malori ya Kigali na Bujumbura yanakupita yakivuma, reli ya SGR na nyaya zake za umeme iko pale, nawe unajiona msafiri kamili. Mambo huanza ukikata kona kuingia vijijini.

Tulikuwa tumetoka Chipanga kufuata mchele, mimi na shemeji yangu. Gari ni lake, na yeye ni kaka mkubwa wa mama watoto. Naliweka hili mapema kwa sababu yote yaliyofuata yalihitaji mtu wa kumwambia dereva "hapana", na shemeji wa namna hiyo haambiwi hapana. Anaambiwa "sawa, shemeji", halafu unatazama mbali.

Porini gari likaanza kuvuta kushoto. Tukashuka. Tairi la mbele lilikuwa limenywea nusu, na katikati ya kashata umejikita mwiba wa mgunga, mweupe, mnene kidogo kuliko njiti ya kiberiti.

Kama ni lazima upate pancha, omba upate ya aina hiyo. Tundu lisilozidi milimita 6, likiwa pale tairi linapokanyagia, linazibika vizuri na tairi linarudi kazini. Likiwa ubavuni, hata kama ni jembamba, kwaheri, kwa sababu ubavu hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, na kiraka hakiwezi kazi hiyo. Tena tairi hili lilikuwa tyubulesi, na kwenye tyubulesi mwiba wenyewe ndio kizibo: upepo hutoka kidogo kidogo, mtu unajaza, unasogea, unajaza tena mpaka unamfikia fundi. Cha msingi usiuchomoe.

Shemeji akauchomoa.

"Adui anatolewa kwanza," alisema, akiunyanyua juu tuuone vizuri, huku tairi likimalizia pumzi zake miguuni kwake.

Ikabaki spea. Spea ilikuwa chini ya magunia, kwa hiyo tulishusha magunia. Tulipoifikia niliibonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea. Shemeji alishangaa kwa dhati kabisa, maana aliijaza upepo, alisema, mwaka ule Mwenge ulipopita Bahi. Mwenge hupita kila mwaka. Sikuuliza ni mwaka upi.

Sheria inataka gari likiharibika uweke pembetatu za kuakisi mwanga. Za shemeji zilikuwa nyumbani, zinatunzwa zisichakae. Akafanya kama wafanyavyo madereva wengi wa Tanzania, akakata matawi na kuyatandaza njiani kuwatahadharisha wenzetu. Lakini pori lile lina matawi ya mti gani? Haikupita muda akaja kijana wa bodaboda, akayaona matawi, akapunguza mwendo kwa adabu zote, akayakanyaga. Psiii.

Yule kijana hakutukana. Alitoa tyubu, akaisugua kwa msasa, akapaka solusheni, akaipulizia kwa mdomo mpaka ikakauka, akabandika kiraka, akachukua pampu ya mkono na kuanza kujaza. Tulisimama pembeni tukiitazama ile pampu. Ingetuchosha mikono, lakini kwa spea ingetosha. Hakuna kati yetu aliyekuwa na uso wa kuiomba. Akawasha pikipiki, akaaga vizuri, akaondoka na pampu yake.

Inasemekana tairi la upepo tunalolijua leo lilianzia Belfast mwaka 1888, pale daktari wa mifugo, John Boyd Dunlop, alipomtengenezea mwanawe magurudumu laini ya baiskeli yake ya miguu mitatu. Kwetu Ugogoni madaktari wa mifugo wana kazi tele, lakini sioni hata mmoja ambaye angebuni kitu kile. Mtoto asingefika nacho nje ya zizi.

"Basi tusogee," shemeji akasema. "Taratibu. Taratibu hatutaliumiza."

Tukapakia magunia. Nikasema sawa, shemeji, nikatazama mbali.

Tulikwenda taratibu kweli. Mbuzi walitupita. Gari lilikuwa likigonga gubu-gubu-gubu, rimu ikilala juu ya mpira na uzito wa mchele ukilala juu ya rimu, na kila gubu moja shemeji alitikisa kichwa kuonyesha kwamba mambo yanaenda vizuri. Jua lilikuwa limeshapoa tulipoingia Bahi na kuliona tairi kuukuu limesimamishwa ukingoni mwa barabara, limeandikwa PANCHA kwa rangi nyeupe.

"Mbukwenyi," shemeji akasalimia Kigogo, labda bei ipungue.

Fundi aliitikia, akalizungusha tairi, akaliona tundu. "Hili dogo, mzee. La kuziba." Shemeji akanigeukia kwa uso wa ushindi. Fundi akabandua tairi kwenye rimu kwa vyuma vyake, akalisimamisha, akalipiga kofi. Ndani yake ukamwagika unga mweusi, laini kabisa, kiasi cha kujaa kiganja.

Alipitisha kidole kwa ndani, ubavuni, akatuonyesha mkwaruzo uliozunguka tairi zima. Kwa nje ungesema ni vumbi tu. Kwa ndani mpira ulikuwa umesagika mpaka nyuzi zimeanza kuchungulia.

"Mwiba haujaliua hili," alisema. "Limeuawa na safari."

"Weka tyubu basi," shemeji akasema.

"Tyubu naweza kuweka, mzee. Ubavu ukipasuka mkiwa mwendo wa themanini, tyubu haitawasaidia."

Fundi pancha anayekataa hela ya pancha humwoni kila siku, na nilimheshimu papo hapo. Ndipo akasugua ubavu kwa kitambaa, akatusomea tarakimu nne zilizochapwa pale: 3114. Wiki ya 31, mwaka 2014. Mtoto aliyezaliwa wiki hiyo ameshaanza shule zamani. Shemeji alisema yeye alidhani ni saizi.

Tukanunua tairi la mtumba, ambalo tarakimu zake niliinama kuzisoma kabla shemeji hajafungua pochi, na spea ikajazwa upepo. Kuziba pancha kungetugharimu hela ya chai na chapati. Hii iliyolipwa ilikuwa bei ya gunia moja la mchele na sehemu ya la pili, na shemeji aliihesabu noti kwa noti, taratibu.

Ikabaki maiti yenyewe. Shemeji hakutaka kuiacha. Pembeni alikuwapo mzee mmoja amevaa katambuga, makubwa, yamechongwa kwa kisu kutoka kwenye tairi na kupigiliwa misumari, ya kukanyaga mgunga wowote bila habari. Shemeji akaona soko.

"Shikamoo mzee. Hapa yanatoka katambuga jozi hata tatu."

"Marahaba." Mzee akalivuta tairi, akachokonoa pale kwenye tundu la mwiba hadi akapata uzi mmoja wa chuma, akauvuta ukatoka, unang'aa. Akautazama, akalirudisha tairi kwa mguu. "Lina waya hili. Mimi huchukua ya nailoni. Waya utanitoboa unyayo."

"Siyo ya safari ndefu, mzee," shemeji akambembeleza. "Ni ya kutembelea hapa hapa karibu. Ukienda taratibu hayatakuumiza."

Mzee akatutazama sisi, akatazama unga mweusi uliomwagika chini, akatazama magunia.

"Kwani ninyi mlikuja mbio?"