Kibao cha Babu

Fungua teminali kwenye Mac, andika gcc. Kompaila itaitika "labeka" kwa adabu zote. Mwulize toleo lake, ndipo utakapogundua aliyeitika ni mwingine kabisa: Clang. GCC mwenyewe alishahama kufikia Xcode 5, mwaka 2013, lakini jina limebaki mlangoni, kama duka lililouzwa zamani na kibao bado ni cha babu.

Na Bash, mkalimani wa amri za teminali? Yumo humo humo, toleo la 3.2, la mwaka 2006. Usidhani Apple wamekosa bando la kupakulia toleo jipya! Matoleo yaliyofuata yalikuja na leseni ya GPL ya tatu, yenye masharti ambayo kampuni haikutaka kuyameza. Basi bi mkubwa akaachwa na kanga zake zile zile, na mwaka 2019 akaletewa mke mwenza, Zsh, ndiye anayepokea wageni sebuleni.

Nawe uliyesasisha mfumo mzima jana usiku ukalala kwa raha zako, asubuhi git imegoma: eti njia ya zana za waandishi wa programu haipo. Andika xcode-select --install, kisha subiri. Muda uliobaki utapanda badala ya kushuka. Hesabu hizo, nadhani, Apple walijifunza kwa kondakta anayesema "tunaondoka sasa hivi".

Zana zikishaingia, jaribu bash --version. Bi mkubwa yupo pale pale, na 3.2 yake.