Sifa za Kigari cha Volti 24

Wengine wasifu maji, wengine wasifu elimu. Mimi naomba nisimame, kwa unyenyekevu wote, nikisifu kigari cha plastiki cha mtoto, kile cha betri, hasa kikishafunguliwa na kuongezewa nguvu.

Kinajenga ujirani: magurudumu yake makavu juu ya pevingi huuamsha mtaa mzima Jumapili alfajiri bila kubagua nyumba wala dhehebu. Kinakuza biashara ya betri. Hayo madogo. Fadhila yake kuu ni kumrudisha baba nyumbani.

Mke alisema mpaka akachoka, wazee wakaitwa wakakaa kikao, shehe akausia, na bado baba hakuonekana kwake kabla ya saa tano usiku. Kikaja kigari. Sasa Jumamosi nzima yuko chini ya mwembe, kifua wazi, bisibisi mdomoni, testa mkononi. Kiwanda kilikipa volti 12 na mwendo wa mtu anayewahi daladala. Baba akaona ukoo umedharauliwa. Ameunga betri mbili, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, zikawa 24. Fyuzi ilikuwa inakatika ovyo, akaing'oa akaweka kipande cha waya. Magurudumu yalikuwa yanateleza, akayavisha tyubu ya baiskeli na kuibana kwa skrubu. Wanaume wenzake wamechuchumaa kumzunguka, wanashauri kwa sauti za chini kama madaktari. Baa ya njia panda imepoa. Mabaraza ya usuluhishi wa ndoa yangegawa vigari badala ya nasaha, mahakimu wetu wangekosa kazi ya talaka wakarudi kulima.

Sayansi nayo imenufaika. Mota ya volti 12 ukiilisha 24 huzunguka karibu mara mbili, na ikikwama, joto lake ni mara nne. Gia za ndani ni plastiki. Nimeonyeshwa moja baada ya mashindano: meno yamelainika, yamelala upande mmoja. Huko Marekani, mwaka 1998, Fisher-Price iliita vigari vyake vya Power Wheels vipatavyo milioni 10 ili virekebishwe, kwa hofu ya sehemu zake za umeme kupata joto kupita kiasi na kuwaka moto. Nilipomsimulia baba yule, alinijibu kwamba vile havikufungwa na fundi.

Na breki je? Breki ya kigari hiki ni kuachia pedali, basi! Mwendo umeongezwa maradufu, breki haikuongezwa hata skrubu moja, na dereva ana miaka minne, kulia na kushoto bado anabahatisha. Breki ni ukuta wangu. Breki ni vyungu vyangu vya waridi, ambavyo hakuna aliyewahi kuja kuviomba radhi.

Nimesema dereva ana miaka minne kwa adabu tu. Muda mwingi mtoto mwenyewe amesimama pembeni, kofia ya baiskeli kichwani, anauliza zamu yake lini, huku mzee wa kitambi "akikijaribu", magoti yamefika masikioni. Siku mtoto alipopewa usukani, alilia.

Nikapeleka malalamiko kwenye kamati ya mtaa. Mwenyekiti, ambaye kigari cha kwake ndicho kinachoongoza kwa mbio, alinisikiliza kwa uzito, akaandika, akaitisha kikao. Kila nyumba ikachangishwa, yangu pia, risiti ninayo. Likajengwa tuta la zege mbele ya geti langu, zuri, limepigwa na rangi. Vigari vya volti 24 vinalipanda na kuruka upande wa pili kwa vigelegele. Vile vya volti 12 vinafika hapo, mota zinaguna, vinarudi nyuma. Kwa hiyo wale wazazi wachache waungwana, waliokuwa bado na vya kiwandani, jana walikuwa getini kwangu wakiulizana bei ya betri ya pili.